Mluzi wa Mzee Salu

Generoza hapendi kuitwa daktari, ingawa hospitalini kwake Bariadi wamemzoea hivyo tangu alipohitimu. Kazi yake ni kuwalaza watu usingizi wa upasuaji, kisha kuwaamsha. Kulaza, husema, hata mpiga ramli angejaribu; shughuli ni kuamsha, na siku zinazofuata.

Siku hizo anazijua kwa uchungu. Alipokuwa na miaka kumi na sita, kwao Ngulyati, baba yake alipasuliwa tumbo akaamka salama. Generoza ndiye aliyemuuguza. Kila mara baba alipotaka kukohoa, alimfunika vizuri na kumnong'oneza, "Tulia baba, mshono utafumuka." Baba akatii. Siku ya nne kifua kilijaa, ya sita wakamzika. Hakuna aliyemlaumu, maana ndugu wote walikuwa wakisema vilevile. Alijilaumu mwenyewe kwa niaba yao.

Mwaka huu, msimu wa kuvuna pamba, akaletwa Mzee Salu, mfugaji wa Bukundi, utumbo umejisokota. Sindano ya ganzi ya mgongoni haikufaa, ikabidi gesi ya usingizi. Na kifua chake kilikuwa cha mvuta tumbaku wa miaka arobaini. Gesi ile humlegeza mtu mpaka mapafu nayo yanalegea. Sehemu za chini zinajikunja, makohozi yanatuama. Asipovuta pumzi ndefu na kukohoa akishaamka, nimonia hiyo inabisha hodi. Generoza alimpa kwa kipimo cha woga, upasuaji ukaenda vizuri, mzee akaamka.

Kesho yake asubuhi alimkuta wodini amelala chali, blanketi hadi kidevuni, anapumua juujuu. Limbu, mke wa mwanawe, amepiga magoti kando ya kitanda.

"Mwangaluka, baba," Generoza akamwamkia kwa Kisukuma. "Umekohoa?"

"Nikohoe nipasuke?"

Generoza akamgeukia Limbu. "Si nilikuonyesha jana? Akae, akumbatie kanga iliyokunjwa juu ya mshono, akohoe."

Limbu akainamisha macho. "Dada, huyu ni baba mkwe. Mimi nimwamrishe kukohoa?"

Generoza akasikiliza kifua. Chini, upande wa kulia, hewa haisikiki. Aliogopa mno, na kwa woga ule akafoka. Mzee akageukia ukutani, basi.

Limbu ndiye aliyemfuata mlangoni. "Hapendi kuambiwa," akasema kwa sauti ya chini. "Ila tangu aamke anauliza ng'ombe wake wananywa wapi."

Generoza akarudi. "Baba, ng'ombe wako unawaitaje?"

"Kwa mluzi."

"Miluzi ya Ngulyati naijua. Wa kwenu Bukundi sidhani kama unavuka hata boma."

Mzee alimgeukia taratibu, uso wa mtu aliyetukanwa. Akataka akalishwe. Akakumbatia kanga, akavuta pumzi, akapuliza. Ukatoka upepo mtupu.

"Huo hauiti hata mbuzi," akasema jamaa wa kitanda cha pili.

Mzee akavuta pumzi nyingine, ndefu zaidi, na kikohozi kikamkamata. Akashtuka, akataka kukimeza. Generoza akaweka mikono yote miwili juu ya kanga.

"Kohoa, baba. Mshono nimeushika mimi."

Yakatoka makohozi mazito. Mshono haukufumuka.

Tangu hapo Limbu hakuhitaji kuamrisha. Kila saa alipiga magoti na kuuliza, "Baba, ng'ombe wameshaitwa?" na mzee akaketi. Siku ya tatu mluzi ulitoka mzima, wodi yote ikageuka. Muuguzi wa zamu alilalamikia kelele, akaombwa avumilie.

Siku ya nne Generoza alichelewa kuingia wodini makusudi; ndiyo siku kifua cha baba yake kilipojaa. Alipoingia, aliweka kifaa cha kusikilizia chini ya mbavu za kulia. Hewa ilikuwa ikiingia hadi chini. Akasikiliza tena, akabaki ameinama palepale, machozi yanamdondoka kwenye shuka.

"Kuna nini, mwanangu?" mzee akauliza. "Kifua ni kibaya?"

"Hapana, baba," akasema. "Kohoa tena. Nataka kusikia tu."