Nafasi ya Corbin Hruska Uwanjani

Shule yetu ya Orlin, Nebraska, ilikuwa na wavulana thelathini na mmoja, na kati yao kumi na wanne tu ndio waliocheza mpira wa Kimarekani. Tulicheza ule wa watu wanane kila upande, maana wa kumi na mmoja tusingeuweza. Corbin Hruska hakuwa akitoka uwanjani. Tukishambulia, yeye ndiye aliyerusha mpira. Tukizuia, alisimama nyuma kabisa kama mlinzi wa mwisho. Mipira ya kupigwa kwa mguu nayo ilikuwa yake. Wiki moja mzuiaji wetu mnene aliugua, Corbin akaenda mbele kusukumana na watu waliomzidi kilo thelathini. Nayajua haya kwa sababu mimi, mwalimu wa hesabu, ndiye niliyepiga video za mechi zote.

Video hizo tulizituma vyuoni. Majibu yalifanana: kijana mzuri, lakini ni mchezaji wa nafasi gani? Kwenye orodha za wanaotafutwa na vyuo, wenzake waliandikiwa mrushaji, mkimbiaji, mlinzi. Yeye, kwa kukosa nafasi moja maalumu, aliandikiwa "mwanariadha".

Mama yake, Joleen, ambaye kazi yake ilikuwa kupima malori ya mahindi kwenye ghala la ushirika, alilisoma neno hilo akauliza, "Kwani wengine ni wapishi?"

Februari alikuja Bwana Pruitt, mtafuta wachezaji wa chuo kikuu kimoja kikubwa. Video hakuzitaka. Alikuja kwenye mechi ya mpira wa kikapu, akakaa baina yangu na Joleen, akamtazama Corbin miguu tu.

"Mbona humtazami akifunga?" nikamuuliza.

"Kufunga atafunga, wanaomkaba ni wafupi. Naangalia kiuno, mwalimu. Kikigeuka upesi, tutamfundisha kukaba. Kikiwa kizito, tutamnenepesha tumweke mbele." Kisha akamgeukia Joleen. "Mama, kaka zako wana urefu gani?"

"Unanunua ng'ombe, bwana?"

Pruitt alicheka, lakini alisubiri jibu, na alipolipata akaliandika.

Juni wakamwita kwenye majaribio. Kocha wetu, Stohlman, alimpeleka, nami nikafuatana nao. Kwa siku moja Corbin alipita mikononi mwa makocha wanne. Wa warushaji alisema mkono upo, ila urefu hautoshi. Wa wakimbiaji alisema anaye mwenye kasi zaidi. Kila mmoja alimsifu, kisha akamsogeza kwa mwenzake. Jioni Pruitt akamwambia, "Njoo, ila mwaka wa kwanza ada ujilipie. Nafasi tutakutafutia ukishafika."

Corbin alimshukuru, lakini hakwenda.

Agosti akapiga simu kocha wa chuo kidogo cha Dakota Kusini, aitwaye Amundsen. Alikuwa ameziangalia video zangu zote, hata zile za mvua.

"Wewe mwenyewe unataka kucheza wapi?" akamuuliza Corbin.

"Kurusha, Kocha."

"Nakupa msimu mmoja. Ukishindwa nakupeleka ninakotaka mimi, na hutanuna."

Alishindwa. Kwenye mechi za kumi na mmoja, ile mianya aliyoizoea kwetu haikuwapo. Katika mechi mbili alirusha mipira mitano ikadakwa na wapinzani. Msimu ulipoisha Amundsen akamrudisha nyuma, awe mlinzi wa mwisho.

"Mama, wamenitoa," alimwambia Joleen kwenye simu.

"Umenuna?"

"Kidogo."

"Nuna leo. Kesho uende mazoezini."

Alikwenda. Akacheza ulinzi miaka mitatu, miwili kati ya hiyo akiwa nahodha. Amundsen aliniambia kwamba Corbin aliyasoma macho ya mrushaji mapema kuliko wenzake, kwa kuwa mwenyewe aliwahi kusimama pale na hofu ileile. Timu za kulipwa hazikumwita, naye hakuzitarajia.

Sasa anawapimia wakulima udongo karibu na Aberdeen, hukohuko Dakota Kusini. Ana mke, na goti lisilokunjika vizuri. Majuzi nilimuuliza kama anaujutia ule msimu wa kurusha. Akasema haujutii, ila wale watano waliodaka mipira yake bado anawakumbuka, kila mmoja kwa namba ya jezi yake.