Ruta Imepona Kauntani, Nyumbani Je?

"Sasa kwangu nani atakuja kupima?" aliuliza mama mmoja Jumanne, kwenye kaunta ya kampuni ya intaneti hapa Lushoto mjini.

Alishuka kutoka Lukozi na ruta ameifunga kwenye kanga kama kichanga. Bintiye lazima athibitishe nafasi ya chuo mtandaoni kabla ya Ijumaa, na ukurasa haufunguki. Kijana wa kaunta, bila hata shikamoo, akaichomeka. Taa zote zikawaka kijani.

"Nzima hii, mama. Nenda kaizime, kisha uiwashe."

"Nimeizima na kuiwasha wiki nzima, mwanangu!"

Jamani, watu wa kampuni! Mnara uko nyuma ya ofisi yenu, hapo itakosaje kushika mtandao? Kwake kuna mlima katikati. Fundi, tafadhali, panda pikipiki leo ukapime kulekule Lukozi.