Shangazi wa Chumba cha Maziwa

Wauguzi wenzake walimwita Mkuu, lakini kina mama wa watoto njiti walimwita Shangazi, na hilo ndilo jina alilolipenda. Kwa miaka kumi na tisa alipokea maziwa waliyojikamua, kwenye kidirisha cha chumba chenye jokofu, sinki na harufu ya dawa ya kuoshea vyombo. Akiona kucha ndefu alikuwa mkali kama pilipili, lakini kazi yake aliijua nje ndani.

Alikuwa na mtindo wake. Mama akileta chupa iliyojaa, aliinyanyua juu foleni nzima iione. "Mnaona? Huyu si mama, ni ng'ombe wa maziwa!" Wanawake walicheka, hata wale waliotoka wodini wakijikokota. Aliamini anawatia moyo.

Binti mmoja mwembamba, aliyejifungua mimba ikiwa na miezi sita na nusu, alileta matone tu ndani ya bomba la sindano. Shangazi aliyapokea bila neno. Thamani yake aliijua: ile ilikuwa dang'a, maziwa ya kwanza ya njano. Utumbo wa mtoto njiti ni mchanga mno, haujui kupambana na vijidudu, na dang'a ndiyo inayoukinga huku ukijifunza kujikinga wenyewe. Akadhani na binti anajua.

Siku ya tano binti alileta nusu chupa nzima. Shangazi alifurahi hadi akasahau kujiuliza yametoka wapi. "Haya, leo na huyu kisima kimetoa maji!" Foleni ikapiga makofi. Binti akainamisha kichwa.

Asubuhi ya siku ya saba tumbo la mtoto lilivimba likang'aa, na nepi ikaonekana na damu. Daktari akasimamisha maziwa yote. Mchana binti alikuja dirishani, akakiri kwamba alikuwa akichanganya matone yake na maziwa ya kopo aliyoletewa na wifi yake.

"Niliona haya, Shangazi. Wenzangu chupa, mimi matone."

Mtoto alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Daktari, mtu muungwana, alisema watoto wachanga kiasi kile huugua utumbo hata wakinywa maziwa ya mama peke yake, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa hakika kilichomuua. Shangazi alishukuru kusikia hivyo, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Alimkuta binti kwenye benchi la korido, gauni limelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yameanza kutoka sasa, yenyewe. Shangazi akakaa, akamshika mkono.

"Pole, mwanangu."

"Yale matone yangu," binti aliuliza bila kumtazama, "yalikuwa yanatosha?"

"Yalitosha."

"Sasa mbona hukuniambia?"