Manometa na Mawese

Mama yangu hawezi kuona chuma kikavu. Kufuli, bawaba za mlango, panga, jembe, hata cherehani ya jirani, vyote amevipitishia mkono wenye mawese wakati mmoja au mwingine. Tunakaa Rumonge, ziwa liko pale chini, na unyevu wake unakula chuma kama mchwa anavyokula ubao, kwa hiyo simlaumu. Chombo kipya kikiingia nyumbani kwetu, kabla ya kufanya kazi yoyote lazima kipite mikononi mwake. Anakipokea, anasema bismillahi, anachovya vidole kwenye kikopo kinachokaa nyuma ya mlango wa jikoni, anakisugua polepole mpaka kwenye pembe zake za ndani, halafu anakifuta kwa kanga kuukuu na kukurudishia. Akimaliza huoni mafuta, unaona chuma kinang'aa tu.

Hata nyundo za kaka yangu zilipita hapo. Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mimi mdogo wake nilifanya kazi naye kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Bujumbura, tulikohamia baada ya ziwa kupanda na kutufukuza kule chini. Tulitengeneza milango na vitanda, lakini zaidi tulitengeneza mashine za kukamulia mawese. Hapa kwetu kila mtu ama ana michikichi, ama ameoa kwa wenye michikichi. Noti za hapa zina mafuta, vishikio vya pikipiki vina mafuta, na ukimpa mtu mkono wakati wa msimu, unaondoka na mawese yake.

Kwa vyuma vinene tulitumia gesi ya karabidi, lile jiwe linalotoa gesi likitiwa maji, pamoja na chupa ya oksijeni. Juu ya chupa hiyo kuna manometa, kichwa cha shaba chenye saa mbili za kupimia: moja inaonyesha kilichobaki ndani, nyingine inaonyesha kinachotoka. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya oksijeni ili itoke kwa kipimo. Na oksijeni ina adui mmoja ambaye kila fundi anamjua, naye ni mafuta. Ikikutana nayo kwa nguvu, haihitaji kiberiti. Kaka alimweleza mama tangu mwanzo: chupa hii usiitie mafuta hata siku moja. Mama akalishika neno hilo. Miaka yote, alipotuletea chakula kibandani, aliizunguka chupa kwa mbali, mikono ameikunja kifuani, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Lakini kaka alisema chupa. Manometa hakuitaja, kwa sababu kwake manometa na chupa vilikuwa kitu kimoja.

Manometa ya zamani ilichakaa. Unaifunga kwa kipimo unachotaka, unageuka kuchukua koleo, ukirudi mshale umepanda wenyewe na moto unakohoa. Kaka akaenda Bujumbura kununua nyingine. Alirudi Ijumaa, adhana ikikaribia, akaiweka mezani sebuleni ndani ya karatasi yake, akaoga, akaenda msikitini. Mama alipita sebuleni akaona chuma kipya kinamsubiri.

Yaliyofuata ni mafupi. Kaka alitoka msikitini, akaipitia manometa nyumbani, akaja kibandani akaifunga, maana kulikuwa na mteja. Mimi nilikuwa nje nanyoosha bomba. Sikusikia mlipuko mkubwa kama watu wanavyopenda kusimulia. Nilisikia mshindo mmoja mkavu, nikaona mwanga mweupe ambao si wa kazi yetu. Nilipomfikia alikuwa ameketi chini na shati linawaka kifuani. Nikalizima kwa mchanga na mikono. Harufu niliyoisikia ilikuwa ya nguo na ya ngozi, na chini yake kulikuwa na nyingine ambayo mtu wa Rumonge hahitaji kuambiwa ni ya nini.

Nyumbani niliikuta ile karatasi bado iko mezani. Ilikuwa na alama za vidole za rangi ya machungwa. Niliikunja, nikaitia jikoni kwenye moto.

Hospitali kaka alikaa siku chache, na mama hakubanduka pale kitandani. Nguo za kaka wauguzi walizikata wakazitia kwenye mfuko wa plastiki, sikufuatilia mfuko ulikwenda wapi. Mchana mmoja mama alipotoka kwenda kutawadha, kaka aliniita kwa macho, kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa yote.

“Usimuambie mama,” alisema. “Sema manometa ilikuwa mubaya. Ilitoka mubaya dukani.”

Nikamwambia sawa. Akanitazama mpaka nikarudia mara ya pili, ndipo akafumba macho. Alifariki asubuhi iliyofuata, mama akiwa ameshika kikombe cha uji alichokuwa anampozea.

Sikulia. Watu walisema mimi ni mwanaume wa kweli, na wengine, nadhani, walisema sina moyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya jino: unagusa shavu lako, unajua ni lako, lakini halina habari na wewe. Niliteremka kaburini kumpokea kaka, nikatoka, nikanawa, nikala wali. Kwenye matanga kila aliyeingia aliuliza ilikuwaje, nami nikajibu kwamba manometa ilikuwa mbaya, ilitoka mbaya dukani. Nililisema neno hilo mara nyingi mpaka likawa halina ladha. Mama alikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzake, na nilihakikisha sauti yangu inafika huko.

Baada ya arubaini kibanda kilibaki kimefungwa. Niliamka, niliswali, nilikaa barazani nikitazama malori ya machungwa yakipita kutoka Nyanza-Lac. Mle ndani mlango wa jikoni ulianza kulia kila unapofunguliwa. Kufuli la mbele likawa gumu, nikalipigapiga kwa jiwe. Panga lililokuwa likining'inia ukutani likaota kutu ubavuni. Niliviona hivyo vyote, na nikasema moyoni kwamba nyumba nzima imechoka kama mimi, basi.

Kisha ukafika msimu, na mashine ya akina mama wa Kizuka ikapasuka shingo. Hiyo ndiyo mashine ya kukamulia ambako mama naye hupeleka ngazi zake, mikungu ya chikichi, na ilikuwa imetengenezwa na kaka kwa mkono wake. Walikuja wawili, wakakaa mkekani, wakasalimia amahoro, wakauliza habari za kila mtu kasoro kibanda. Waliogopa kuniomba. Ngazi zilikuwa zinaoza, na mashine nyingine iliyo karibu ina foleni ya kufika barabarani. Mama ndiye aliyesema, akiwa anachambua mchele, bila kuinua kichwa.

“Nenda Bujumbura. Leta manometa.”

Sikuwa na sababu ya kukataa niliyoweza kuisema. Chupa nyingine ya oksijeni na karabidi vilikuwepo kibandani, mikono ninayo. Sababu ya kweli ilikuwa moja: chuma kipya kingeingia nyumbani, mama angenyoosha mkono, nami ningelazimika ama kumpa ama kumwambia kwa nini simpi. Nikimpa, nachoma mtu mwingine, pengine mimi mwenyewe. Nikimwambia, mama ataishi miaka iliyobaki akijua ni mkono wake. Kuongopa kwa ajili ya kaka nilikuwa nimeshazoea, ila hapa uongo ule ule haukutosha.

Essence, yaani petroli, ilikuwa imekosekana tena, nikangoja gari asubuhi nzima. Bujumbura nilizunguka maduka ya vyuma kama anayemtafutia mtu mwingine. Muuzaji mmoja alinitolea manometa tatu, akazifunga moja moja kwenye chupa yake ya kujaribia, akazipaka povu la sabuni kwenye maungio tuone kama kuna mapovu. Ya kwanza ilivuja. Ya pili mshale ulisimama mahali pake, tukanywa chai kidogo, bado umesimama. Aliniuliza ile ya zamani ilikuwa na tatizo gani. Nikafungua mdomo na lile neno likatoka lenyewe, kwamba ilikuwa mbaya, ilitoka mbaya dukani. Akasema pole, huko madukani siku hizi wanauza chochote. Nilimchukia kidogo kwa kukubali haraka hivyo. Kisha nikamwomba aifunge ile ya pili kwenye plastiki mbili.

Njiani nilikaa na mfuko ule mapajani. Mama mmoja aliyeketi kando yangu alikuwa na bido, dumu la mawese, limezibwa kwa jani la mgomba, na kila tulipoingia kwenye shimo lilicheua kidogo. Akaniomba niliweke miguuni kwangu maana kwake kuna mtoto. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama nimebeba yai. Watu wakacheka, nami nikageuza uso nikatazama ziwa, ambalo halikuwa limenifanya kitu. Haikuwa kosa lake yule mama. Ni kwamba nilikuwa nimechoka na mafuta ya watu wote.

Nilikuwa nimepanga kuteremka kibandani moja kwa moja, nifunge manometa juu ya chupa kabla mama hajajua nimerudi. Ikishakuwa juu ya chupa, nilifikiri, atakunja mikono na kupita mbali kama zamani. Lakini niliposhuka nilikuta mlango wa mabati uko wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la kaka. Amefagia. Mapajani alikuwa na kanga, na miguuni kulikuwa na beseni, jagi la maji na kikopo kimefunikwa kwa sahani.

Hapo ndipo nilipohisi kitu kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nacho kilikuwa hofu. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha mkono.

Nikamwambia hii haipakwi, hii ina mafuta yake ya dukani tayari, wamesema isiongezwe. Nilisema haraka na kwa sauti ya juu, na nilijisikia mwenyewe kwamba naongopa kama mtoto. Mama hakubisha. Aliuteremsha mkono, akafunua kikopo.

Ndani hamkuwa na mafuta. Mlikuwa na majivu. Alimimina maji kwenye beseni, akachota majivu akaanza kusugua mikono: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye viwiko. Akamwaga, akamimina mengine, akachukua sabuni akarudia. Maji ya pili yalitoka safi, na bado akarudia. Kanga aliyokuwa nayo haikuwa ile kuukuu, ilikuwa mpya, mikunjo ya dukani bado imo. Alijifuta, akavinusa vidole vyake kimoja baada ya kingine.

“Ile shati yake ya hospitali nilifua mimi,” alisema. “Mawese yaliyoungua nayajua, mwanangu. Sasa lete.”

Nilisimama na mfuko wangu. Nilikumbuka mlango wa jikoni unaolia, kufuli, panga lenye kutu. Tangu siku ya shati lile alikuwa hajagusa chuma chochote kwa mafuta, na mimi nilikuwa nikipita mbele ya ushahidi wote huo nikidhani ni uchovu wa nyumba. Siku zote hizo, nilipokuwa nikipaza sauti ili ifike nyuma ya pazia, alikuwa akiisikiliza na kuniachia niseme. Kaka alimfichia, mimi nikamfichia, naye akatufichia kwamba anajua.

Nilimpa. Alisema bismillahi, akaipitisha mikononi pande zote, shaba na vioo vya saa na nati yake, kwa utaratibu ule ule wa miaka yote, ila mikono mikavu. Kisha akanirudishia.

Niliifunga. Kwanza nilifungulia chupa kidogo ipulize vumbi, nikafunga, nikaweka manometa, nikaikaza kwa spana. Nikamwambia asogee nje. Akakataa. Nikamwambia tena kwamba wakati wa kufungua mtu hasimami mbele ya manometa. Akaja kusimama upande wangu, nyuma ya chupa, karibu kabisa, mahali ambapo miaka yote alikuwa hathubutu kufika.

“Fungua,” alisema.

Nilifungua polepole sana. Mshale ulipanda, ukafika pake, ukasimama. Tuliutazama wote wawili. Mama akaweka mkono begani mwangu na kuuacha hapo. Maisha yangu yote mkono ule ulikuwa ukiniachia doa kwenye shati, na nilipogeuza shingo kutazama, shati lilikuwa safi. Hapo nikalia.