Kitambaa cha Meza

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi Keroka, katika nyumba ya marehemu mama yangu, ili nimalize tasnifu ambayo chuo kikuu kilikuwa kimechoka kuiulizia. Barua ya mwisho ilisema iletwe kabla muhula haujafungwa, la sivyo jina langu lingefutwa. Nilikuwa na kompyuta ndogo ya kukunja, niliyoinunua ikiwa kuukuu kwa mhadhiri aliyekuwa akihama, na nyumba ilikuwa na stima. Sikuwa na kisingizio chochote, hadi kompyuta yenyewe ilipoamua kunisaidia.

Ilikuwa inajizima. Si kwamba stima ilipotea. Taa ilibaki ikiwaka. Naandika nusu saa, naanza kujiona msomi, mara kioo kinakuwa cheusi na nabaki kuutazama uso wangu. Nikingoja kidogo inawaka tena, bila ile aya ya mwisho, ambayo kila mara ndiyo ilikuwa bora kuliko zote.

Nilibadilisha soketi. Nikafunga madirisha ukungu usiingie. Mama mdogo, aliyekuwa akipita kila Jumapili akitoka kanisani kuhakikisha nakula, alinikuta nikiigongagonga ubavuni.

"Miaka yote hiyo ya kusoma," alisema, "na kasanduku kanakushinda."

"Kamechoka, mama."

"Wewe ndiye umechoka. Oa."

Akaenda zake, na mpaka Jumapili iliyofuata sikusemeshwa na mtu, ila redio.

Basi nikaenda Kisii mjini kwa mzee mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la kutengeneza redio, na ambaye alisemekana kuzielewa kompyuta. Aliiweka juu ya kaunta ya kioo, akaiwasha, akaniagizia chai. Tukaongea habari za mvua na bei ya majani chai. Kompyuta ikanguruma asubuhi nzima bila kupepesa.

"Haina ugonjwa, mwalimu," alisema. Sikuwa mwalimu, lakini nadhani miwani ilimtosha.

Nyumbani ikazima baada ya nusu saa. Nilirudi kwake wiki iliyofuata, na nyingine tena. Kila mara chai, kila mara mashine nzima kabisa, na mimi kama mzazi aliyeleta hospitalini mtoto anayecheka. Muhula ulikuwa umebakisha mwezi mmoja na sura mbili zilikuwa hazijaandikwa.

Mara ya tatu alinitazama nikiifungua kutoka kwenye kitambaa nilichoifungia.

"Nyumbani unaweka hii juu ya nini?"

"Juu ya hiki hiki."

Aliigeuza, akanionyesha matundu madogo upande wa chini. "Inapumua kwa hapa, mwalimu. Wewe umeziba mdomo. Ikipata joto sana inajizima, isife."

Kwetu kila kitu kilivaa kitambaa: redio, migongo ya viti, hata chupa ya chai. Mama alivifuma mwenyewe kwa uzi wa sufu, na kitu kilichokaa uchi sebuleni kilimwaibisha kama mgeni kukukuta bila shati. Kompyuta nilikuwa nimeipa kilicho bora, cha meza ya katikati, nikakikunja mara mbili isipate baridi. Keroka ni mahali pa kulala na blanketi mbili. Joto halikunijia akilini kamwe.

"Mama ndiye alifuma?"

"Ndiyo."

"Yuko?"

"Hapana."

Alikikunja polepole, ncha kwa ncha, akanirudishia kwa mikono miwili. "Hiki weka kwa kiti," alisema.

Nilifanya hivyo. Kompyuta nikaiweka juu ya mbao tupu, na haikuzima siku hiyo, wala kesho yake, wala wiki ile yote. Sura moja ikaisha. Ya pili ikafika katikati. Nyumba ilikuwa kimya, ila huo mngurumo usiochoka, na siku yangu ya kwenda Kisii ilipofika nikagundua kwamba sina la kupeleka.

Nikachukua redio ya mama, na kitambaa chake juu, nikaenda.

Mzee aliiwasha. Ikatoa habari, wazi kabisa.

"Shida yake nini?"

"Nyumbani inakatakata," nilisema.

Aliitazama redio, kisha akanitazama mimi. Hakuifungua.

"Hii itachukua muda," alisema, akaagiza chai.