Dada Kalamu na Majina Elfu Tano

Alizaliwa alasiri ya tarehe nne ya mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi viatu, na mikono ya kwanza iliyompokea ilikuwa ya mgeni. Mkunga aliyeitwa alikuwa amezuiwa na maji yaliyofunika barabara. Baba yake alisimama mlangoni na nyundo mkononi, hajui aishike au aitupe, mara akaingia mwanamke asiyejulikana ambaye kiatu chake kilikuwa kimeachia soli, akaomba ashonewe. Akasikia uchungu wa mzazi nyuma ya pazia. "Kiatu kitangoja," alisema, akanawa mikono, akaingia. Haikupita saa moja, mtoto alikuwa amekwisha kuvikwa kitambaa. Mgeni alimtazama kitambo, akasema maneno ambayo mama mzazi aliyarudia maisha yake yote: "Huyu ana sikio. Nilipozungumza aliacha kulia ili asikie." Kisha akavaa viatu vyake, kimoja kizima na kimoja kikiachama, akatoka mvuani, wala hakuna aliyewahi kujua alikotoka. Kaka wa mtoto, aliyekuwa na miaka sita siku ile, alishikilia mpaka uzeeni kwamba yule mwanamke hakulowa.

Alibatizwa mwezi uleule, na alikua akiwa mtoto wa maneno machache. Akitumwa dukani alichelewa, si kwa michezo, bali kwa sababu mtu alikuwa anamsimulia jambo naye hakuweza kuondoka kabla halijafika mwisho. "Umetumwa chumvi au umetumwa habari?" mama yake aliuliza, na binti alijibu kwa unyenyekevu, "Vyote nimeleta, mama." Alipotimiza miaka kumi na tisa aliajiriwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali ya mji. Kilikuwa chumba kirefu chenye mapipa manne ya maji ya moto, mvuke umetanda mpaka dari, na nyuma yake uwanja wa kuanikia. Mashuka yalipepea pale kutwa, meupe, na waliofanya kazi naye wanasema aliweza kusimama kati ya mashuka mawili akapotea kabisa, mpaka wamwite mara tatu. Walidhani analala. Alikuwa anasali.

Ukuta mmoja wa chumba kile ulipakana na wodi ya watoto, na juu yake palikuwa na tundu la hewa. Kila siku, saa kumi na mbili jioni, kengele ililia, na kwa kanuni ya hospitali kina mama wote walitoka wakaacha watoto wao hadi kesho yake saa tatu. Kilio kilianza kitanda cha kwanza, kikapita cha pili, kikapanda kama maji yanayojaa ndoo. Wafuaji wengine walikuwa wamekizoea. Yeye hakukizoea. Jioni moja alipeleka mashuka wodini, mtoto wa miaka minne akamkamata pindo la aproni. "Shangazi," mtoto aliuliza, "kengele ikilia tena, mama anarudi?" Kwa hesabu ya mtoto yule, kitu kilichomwondoa mama hakikosi pia kuwa na kazi ya kumrudisha. Mtumishi huyu wa Mungu alichuchumaa, akamfuta pua kwa pindo lilelile. Aliwaambia baadaye wenzake kwamba aliitwa siku hiyo, na aliyemwita alikuwa na mafua na alivaa soksi moja.

Asubuhi yake alimwendea muuguzi mkuu, mwanamke mwadilifu na mkali, akamwuliza kwa nini kina mama wasikae. "Kanuni," alijibiwa. "Na kanuni hubadilishwa na nani?" "Baraza la mji. Waandikie basi, wewe mwenye pasi!" Wauguzi walicheka. Yeye alishukuru kwa taarifa, akaenda. Karani wa Baraza, mzee wa miwani minene, alimweleza utaratibu: ili ombi la wananchi lisikilizwe, linahitaji majina elfu tano ya watu wazima, kila mmoja na sahihi yake au dole gumba, na yafikishwe mezani pake tarehe mosi ya mwezi wa sita kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo, mpaka mwaka unaofuata.

Basi aliandika barua yake kwa mistari kumi na mmoja, akafunga kalamu kwa uzi shingoni, na kwa kalamu hiyo watu wakampa jina la Dada Kalamu. Alizunguka kila baada ya kazi na kila Jumapili baada ya misa. Namna yake ya kukusanya majina haikufanana na ya mtu mwingine. Hakumpa mtu kalamu kabla hajamsomea barua yote, mistari yote kumi na mmoja, taratibu, hata kama mtu anasema ameshaisikia kwa jirani. Na mtu alipomaliza kutia sahihi, alimwambia hivi: "Jina ni lako. Siku ukilitaka, njoo, nitakurudishia." Kaka yake, ambaye sasa alikuwa kinyozi, alikereka. "Dada, watu hawa wangetia sahihi hata kununua mwezi. Wape kalamu tu!" "Ndiyo maana nawasomea," alijibu. Kinyozi alimruhusu akae kibandani asome kwa wateja. "Mtu amenyolewa nusu kichwa, atakimbilia wapi?" Lakini Dada Kalamu alisubiri nusu ya pili inyolewe, mtu asimame, ajitazame kwenye kioo, awe huru kuondoka. Ndipo alipouliza.

Majaribu hayakuchelewa. Palizushwa kwamba majina yanakusanywa ili watu wapandishiwe kodi, na milango iliyokuwa wazi ikafungwa. Uongozi wa hospitali ulimwondoa kwenye pasi ukamweka kwenye mapipa ya magadi, mikono yake ikachubuka. Na kuna siku ile ambayo wafuaji wanaikumbuka kwa kicheko na machozi. Alikuwa ameweka karatasi kwenye mfuko wa aproni, akaitundika. Mwenzake, kwa upendo, akaona aproni chafu, akaitia pipani. Majina mia tatu na kumi na mawili yalichemka pamoja na foronya. Mwenzake alipovuta aproni na kuona uji wa karatasi, alikaa chini akashika kichwa. "Dada yangu, nimewafua watu wote!" Dada Kalamu aliuchota uji ule kwa kiganja. Kisha akasema, "Basi wametakata. Twende tukawatafute." Waliwatafuta kwa wiki saba, mmoja mmoja, na kila mmoja alisomewa upya.

Katika mwaka ule wa pili wa kukusanya majina alianza kuona alichokiita viti. Alikiona kwenye mvuke, na wakati mwingine uwanjani kati ya mashuka: wodi ndefu kuliko iliyopo, isiyo na ukuta wa mwisho, na kando ya kila kitanda kiti, na katika kila kiti mtu amesinzia, mkono wake umeingia chini ya shuka la mtoto. Wote walipumua pamoja, na mashuka yaliinuka na kushuka kwa pumzi hiyo. Alipoulizwa na paroko kama ni ndoto au njozi, alisema hajui tofauti, ila huko ndani palikuwa kimya kizuri. Tunaandika alivyosema.

Tarehe mosi ya mwezi wa sita alifika kwenye meza ya karani saa nne na nusu, pamoja na kaka yake aliyebeba karatasi ndani ya foronya. Karani alihesabu kwa kidole kilicholowekwa. Alikata majina matatu yaliyojirudia, akahesabu tena, akavua miwani. "Elfu tano kamili," alisema. "Hata moja la ziada hamna." Akafungua kidau cha wino wa mhuri. Zilibaki dakika ishirini.

Ndipo alipoingia mfagizi wa wodi ya watoto, anahema, ufagio bado mkononi. Mfagizi huyu alitia sahihi miezi mingi nyuma. Asubuhi ile mkurugenzi wa hospitali alitangaza kwamba mfanyakazi yeyote atakayeonekana kwenye ombi hana kazi. Mumewe alikuwa mgonjwa na watoto walikuwa watatu. "Dada," alisema, "ulisema nikilitaka jina langu nije. Nimekuja."

Karani alikuwa ameinua mhuri, na kwa kuwa alikuwa na moyo mwema, alisema bila kumtazama mtu, "Nikishagonga, hapafutwi kitu tena. Na masikio yangu mimi yameziba tangu asubuhi." Kinyozi alinong'ona, "Gonga, mzee, gonga!" Dada Kalamu aliweka kiganja juu ya karatasi. "Yako yameziba, mzee wangu," alisema. "Yangu yamesikia." Akaitafuta karatasi ya themanini na nne, akalipitishia mstari jina la mfagizi kwa kalamu yake, taratibu, hata lisisomeke na mkurugenzi wala na mwingine. Mfagizi alilia. "Nitarudi, dada. Siku nikiweza kusimama nitarudi mwenyewe." "Najua," alijibiwa. "Wahi kazini, wasikukose."

Kinyozi alitoka mbio barabarani akarudi amemshika mkono mchukuzi wa mizigo, gunia bado begani. "Huyu hapa! Mtu mzima, ana dole gumba. Mpe wino!" Mchukuzi alicheka, akanyoosha kidole. "Nipeni nichovye, nina safari." Zilibaki dakika sita, na barua ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Waliokuwapo wanasema Dada Kalamu aliitazama saa ya ukutani mara moja tu. Kisha akamwomba mchukuzi atue gunia, akaanza kusoma. Alipofika mstari wa saba, palipoandikwa mama aruhusiwe kukaa na mtoto, mchukuzi akamkatiza. "Ngoja kidogo. Na mtoto asiye na mama je? Mimi wangu nawalea mwenyewe. Nitatolewa nje?" Kaka mtu alifumba macho. Dada Kalamu angeweza kusema tutalitazama baadaye. Hakusema. "Kweli kabisa," alisema polepole. "Miaka miwili nasoma mstari huu, sikukuona ndani yake. Nisamehe." Na walipokuwa wanashauriana maneno ya kuongeza, saa ya ukutani iligonga sita, na karani, machozi yakimlenga, akafunika kidau cha wino.

Walirudi na majina elfu nne mia tisa tisini na tisa. Kaka yake hakuzungumza naye siku nane. Siku ya tisa alikuja na sabuni na mkate, akasema, "Nilikununia kwa ajili ya jina moja. Sasa kila kichwa ninachonyoa nakuona wewe." Wakacheka, yakaisha. Barua iliandikwa upya, na mstari wa saba ulisomeka: mama, baba, au yeyote ambaye mtoto akimwona hutulia. Lakini kila jioni kengele iliendelea kulia, na yeye aliyesikia yote aliisikia, akijua kwamba jioni zile zote alizinunua kwa mstari mmoja wa kalamu. Hakujitetea mbele ya mtu. Paroko alimwuliza kama anajuta. "Kila saa kumi na mbili," alijibu. "Na kila saa kumi na mbili na nusu najua kwamba ningefuta tena."

Mvuke wa miaka mingi ulikuwa umeingia kifuani mwake. Alilazwa katika hospitali ileile mwezi wa tisa wa mwaka uleule, ana miaka thelathini na minne, na tarehe kumi na saba jioni kengele ilipolia wageni walitoka. Muuguzi mkuu, yule mkali, alivuta kiti akakaa kando yake. "Kengele imelia, mkuu," mgonjwa alisema. "Ya leo si yangu," alijibu muuguzi mkuu, akaingiza mkono chini ya shuka. Mtumishi wa Mungu alisema neno moja tu, "Viti," akatabasamu, akalala katika Bwana kabla giza halijaingia vizuri.

Hupokewa kwamba jioni ile watoto wa wodi hawakulia, na walipoulizwa asubuhi walisema palikuwa na shangazi kwa kila mmoja. Hupokewa pia kwamba kwa siku tisa kengele ilivutwa kamba isitoe sauti, na fundi alipopanda kuitazama hakuona ila unyevunyevu, kama wa shuka linaloanikwa. Sisi hatuapi; tunasimulia tulivyopokea. Tunachoweza kuonyesha ni wodi yenyewe. Leo kando ya kila kitanda pana kiti, na mama au baba amesinzia juu yake. Ombi la pili lilifika mezani pa karani likiwa na majina elfu tisa mia nne, na wengi walioliogopa la kwanza walisema walikuja kwa sababu moja: walisikia kwamba pale jina la mtu hurudishwa. Basi tumwige katika hili, sisi tunaopenda kutetea wanyonge kwa haraka. Tusimkanyage mmoja njiani kwa kuwakimbilia wengi. Tusome mpaka mwisho, na mtu akitukatiza kwa swali, tunyamaze tumsikie.

Lakini ombi la pili halikuanza kirahisi. Baada ya mazishi kinyozi aliweka meza mbele ya kibanda chake, na karatasi tupu juu yake, na kwa siku tatu watu walipita wakiitazama, maana tangazo la mkurugenzi lilikuwa bado limebandikwa na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Siku ya nne, Jumatano, saa tatu asubuhi, alikuja mfagizi wa wodi ya watoto, amevaa sare yake ya kazi. Mumewe alikuwa bado mgonjwa. "Nisomee," alimwambia kinyozi. Kinyozi alisema, "Shemeji, wewe barua hii unaijua." "Nisomee yote." Alisomewa mistari yote, amesimama wima. Kisha akaandika jina lake juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, akahakikisha wino umekauka. Jumamosi yake, kabla ya saa sita, kwa amri ya mkurugenzi, alirudisha ufagio na sare ofisini, akaenda nyumbani kwa miguu.