Injini ya Mashua Katika Kisiagi Chetu

Kwanza mnisamehe. Shule niliishia ya msingi, mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, na maneno mengine bila shaka nimeyakosea herufi. Naandika polepole. Lakini nimesikia wenye injini za dizeli wakilia kwamba zinakula oili na kutoa moshi, nikaona heri nieleze yaliyotupata sisi.

Tulikaa Dandora, mama na mimi, chumba cha mbele kikiwa kisiagi cha kusagia watu mahindi. Mota yake ya stima ilikuwa imeungua. Mwaka huohuo gugu maji lilifunga ufuo wa kwetu ziwani, na mashua ya mjomba, kaka mkubwa wa mama, ikakaa pale kama imepandwa. Mjomba aling'oa injini, akaipandisha kwenye lori la mahindi, akaja nayo Nairobi. Wakakubaliana na mama kwamba yeye ana injini na mama ana wateja, basi wasage pamoja.

Injini ilifungwa kwa boliti juu ya sakafu ya saruji, mkanda ukachukua nafasi ya rafadha, ile panga inayosukuma mashua. Ziwani ilivuta maji ya kujipoza kutoka chini ya mashua. Dandora ilivuta kutoka kwenye pipa, na mifereji ilipokauka tulinunua maji ya mkokoteni, injini ikapata yake kwanza, sisi baadaye.

Mimi niliipenda kwa sababu ya kelele zake. Ikinguruma, hakuna mtu aliyetarajia niongee. Nilipokea gorogoro la mahindi, nikarudisha unga, basi.

Mjomba alikuwa na sharti moja. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, alichomoa kile kijiti cha chuma cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena, akakitazama kwenye mwanga wa mlango. Oili ikiwa chini ya alama, aliongeza mpaka ifike. Kitambaa cha kufutia kilikuwa na msumari wake ukutani, na hata mama hakuruhusiwa kukigusa.

"Injini haiombi," alituambia. "Inanyamaza tu, halafu inakuacha katikati ya maji."

Siku ya kwanza aliyoitia oili hapa mjini, kopo moja alilozoea kuipa kule ziwani halikufikisha alama. Alishangaa kidogo, akasema pengine oili ya Nairobi ni nyepesi, akaongeza. Tukacheka, tukasahau.

Haukupita muda moshi ukaanza. Ulikuwa wa bluu, mzito, ukitoka kwenye bomba na kujilaza juu ya nguo za majirani. Nyuma ya injini, oili ilitoka kama jasho. Kila asubuhi mjomba alipima, akakuta imeshuka, akaongeza mpaka alamani. Kadiri alivyoilisha ndivyo ilivyozidi kufuka. Vijana wa pale kwenye kibanda cha viazi walimbatiza Kapteni. Alipopita walimpigia saluti.

"Niaje, Kapteni? Leo mnasaga ama mnavuka ziwa?"

Yeye aliwaambia walipe nauli mapema, mashua inajaa. Lakini chakula cha jioni alikuwa anakiacha nusu.

Fundi mmoja alisema ringi za pistoni zimeisha. Zikabadilishwa, moshi ukabaki palepale. Wa pili aliizunguka injini mara moja, akasema imezeeka, tuiuze kama chuma. Wakati huo unga wetu ulikuwa umeanza kunuka dizeli, na wateja walikuwa wanatupita wakiwa na mahindi kichwani kwenda kisiagi cha stima ng'ambo ya barabara. Wengine waliniuliza mimi kuna nini. Nilitazama miguu yao.

Mama alisema wazi kwamba injini ikiondoka atafunga mlango na turudi nyumbani magharibi. Mjomba hakuwa na pa kurudi, kwa maana mashua yake ilikuwa imeshaoza. Hata hivyo ni yeye aliyekwenda kumtafuta mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mnunuzi alikuja asubuhi na vijana wawili na mkokoteni. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyekubali chai kabla ya biashara. Vijana walifungua boliti, wakainua kichwa cha injini, yaani upande wake wa mbele, kwa mtaimbo na kukiwekea jiwe chini, ili wapate kupitisha chini yake mabomba ya kuiviringishia nje. Mnunuzi akataka kujua kama ndani kuna oili, isije ikamwagikia mkokoteni wake.

Mjomba alisema ipo, ameipima alfajiri, imegusa alama sawasawa. Hakuwa na haja ya kuthibitisha, lakini mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye msumari. Akachukua kitambaa, akachomoa kijiti, akafuta, akachovya, akakipeleka mlangoni.

Alikitazama, akakigeuza. Akarudia. Oili ilikuwa imepita alama kwa upana wa vidole viwili.

Mama akamuuliza kama ameona nyoka.

Mjomba alitazama kijiti, akatazama jiwe, akatazama injini ilivyoinua kichwa. Halafu akaketi juu ya gunia la mahindi na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Dada," alisema, "ndani ya mashua ililala hivi. Kichwa juu, matako chini, kufuata mteremko wa ule mti wa chuma unaozungusha rafadha. Alama hii ni ya kulala hivi. Mimi nimeilaza sawa sakafuni, nikawa nailisha kila siku kama mgonjwa."

Kijiti kiko nyuma ya injini. Ikiinamia nyuma, oili hukimbilia kule na kijiti husoma vizuri. Ikilala sawa, oili hutawanyika, kijiti kinasema kuna njaa wakati tumbo limejaa. Na iliyozidi haina pa kwenda ila kuungua na kuvuja.

Aliwaomba vijana waache jiwe lilivyo. Tulitoa oili, tukaimimina kwenye jerikeni, mpaka iliyobaki ikagusa alama ya zamani, kisha wakaiteremsha injini sakafuni. Mjomba akapima tena, na pale oili ilipogusa sasa, chini kabisa, akachora alama mpya kwa tupa. Boliti zikarudi. Akawasha.

Moshi ulitoka wa bluu kama kawaida, na mama akafumba macho. Ukatoka, ukatoka, ukapungua. Mnunuzi alikuwa wa kwanza kuona ukuta wa jirani ng'ambo ya ua, akatuonyesha kwa kikombe chake.

"Sasa ndiyo ningependa kuinunua," alisema.

"Sasa ndiyo haiuzwi," mama akamjibu, akamwongezea chai.

Tulisaga mahindi yetu wenyewe kwanza, kusafisha kinu. Ugali wa siku ile haukunuka kitu, na mjomba alikula mpaka akakwangua sufuria. Wateja hawakurudi mara moja. Nilijua wamerudi jirani alipotundika tena shuka zake nyeupe upande wetu wa ua.

Kama na wewe una injini iliyotoka majini ikaletwa nchi kavu, itazame inavyolala kabla hujaamini kijiti chake. Kisha niandikie, hata mstari mmoja, uniambie ulikuta nini. Mwandiko mbaya si neno. Uso kwa uso mimi huishiwa maneno, lakini barua nitaisoma yote na nitaijibu, polepole.